Gari Nililishika Mimi

Tulipomzika Baba Mdogo Gebhadi mwaka huu, katikati ya kipupwe, nilipewa kisu na beseni la viazi nikakaa nyuma ya nyumba yake kule Lizaboni pamoja na wanawake wengine wa ukoo. Ukungu ulikuwa haujaondoka milima ya Matogoro. Tulikuwa tumejifunga khanga juu ya makoti ya mitumba, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa maji, kila mtu anamenya polepole ili asijikate. Upande wa pili wa ua wa matete vijana walikuwa wakichanja kuni. Mmoja wao, Kasiani, mjukuu wa marehemu, alikuwa akiwasimulia wenzake waliokuja kutoka Dar es Salaam.

"Si gari la babu Gebhadi. La kaka yake, yule aliyetangulia. Alipokufa, wakaja kulichukua. Wee! Wanaume wazima wanasukuma, gari kama limeota mizizi. Honi ikalia yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, nakwambia! Marehemu amelishika kwa nyuma. Mpaka wazee wakamwaga pombe ya komoni na kumwomba, ndipo akaliachia. Dereva alikimbia kwa miguu mpaka Namtumbo, viatu mkononi."

Wakacheka. Sauti nyingine ikauliza, "Na watoto wake?"

"Watoto? Watoto walikuwa ndani wanalia tu."

Kisu changu kilisimama juu ya kiazi. Mimi ni mmoja wa watoto hao. Sikuwa ndani, na sikulia. Honi ya gari lile ilikufa kabla baba hajafa. Tulikuwa tukipiga mlango wake kwa kiganja na kupaza sauti. Nimeishi na hadithi hii muda mrefu, naisikia kwenye harusi na kwenye misiba, na kila inaporudi imenenepa, ila mahali pangu ndani yake hapaongezeki hata kidogo. Ndiyo maana naandika mwaka ule kama ulivyokuwa. Sitaeleza ukoo wetu, wala mama alikufa kwa nini, wala baba aliugua muda gani. Wanaosoma wana misiba yao.

Naanzia siku tuliyorudi kutoka makaburini bila baba, tukakuta pikapu imesimama uani pale pale alipoiacha, kwenye mteremko wa nyumba yetu ya Matarawe, jiwe nyuma ya gurudumu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha kidato cha pili, mama alipofariki, nikashika nyumba, na baba alipoona sina raha ya kukaa jikoni kutwa akaanza kunipakia kwenye gari, kisha kunifundisha kuliendesha. Jina langu ni Skolastika. Mtaani walinitania, "Skola aliyeikimbia skuli." Meinrad, mdogo wangu, alikuwa darasa la sita, na Odila la pili. Tulihamia wote watatu chumba cha baba kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na dari, na baridi ya Songea huingia kwa juu. Betri ya gari tuliilaza humo humo ndani, juu ya kipande cha ubao, karibu na kichwa cha Meinrad, kwa sababu ikilala nje inaamka imekufa. Mpaka leo nikisikia harufu ya maji ya betri nauona uji wa asubuhi, wenye karanga zilizosagwa, na mvuke unaotoka kwenye midomo yetu kabla hata ya kula.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu vilivyokuwa vikinunuliwa kwa foleni na kwa kujuana vilijaa ghafla kwenye vibanda: sabuni za kunukia, redio, viatu vya Ulaya vilivyovaliwa na watu wengine. Chama cha ushirika kilikuwa kimechoka, na malori ya wanunuzi binafsi yalipanda kutoka Dar es Salaam kufuata mahindi yetu. Walanguzi wa jana walikuwa wafanyabiashara wa leo, wanasalimiwa kwa heshima kanisani. Ada za shule nazo zilirudi. Katika miaka kama ile, mtu mwenye gari, hata kama mlango wake wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani, alikuwa na uhakika wa kula. Niliendelea na kazi ya baba: kutoa mahindi Mshangano na kuyafikisha sokoni, kubeba matofali ya kuchoma, kuni, mara moja moja tumbaku ya wakulima wa Namtumbo. Wapagazi wa sokoni walinipokea kwa kelele.

"Dada Skola, unaendesha au unaendeshwa?"

"Panda, ujue."

"Nikipanda nani ataniombea?"

"Mkeo. Amekuwa akiomba upate ajali siku nyingi."

Hapo walicheka, wakapakia. Nilijifunza mapema kwamba mwanamke akikaa kimya kwenye usukani watu wanadhani amelala.

Baba aliniachia sheria nyingi za gari lile, lakini moja aliirudia kuliko zote: kipupwe hakuna hendibreki, kuna jiwe. Gia ya kwanza ilikuwa imechakaa, ukiliegesha kwenye mteremko inaruka, kwa hiyo gia haikutosha kulishika. Na hendibreki kwenye baridi yetu yenye unyevu ilikuwa mtego. Alinieleza akiwa amechuchumaa, mkono juu ya gurudumu la nyuma. "Humu ndani kuna viatu vya breki vinavyobana dramu ya gurudumu. Ukivibana vikiwa na maji, baridi ikapita juu yake, vinashikana kwa kutu, kama ndugu waliogombania shamba. Utaishusha hendibreki, mkono utateremka vizuri kabisa, ukidhani mambo yamekwisha. Wenyewe huko ndani hawaachiani." Basi tulitumia jiwe. Alilitoa mto Luhira, ukubwa wa kichwa cha ndama, bapa upande mmoja na mgongo upande wa pili, na lilikaa nyuma ya gurudumu kama limechongwa kwa ajili yake. Baada ya yeye kuondoka, jiwe likawa kazi ya Odila. Nikisimama tu nilipaza sauti, "Jiwe!" na yeye alikuwa ameshateremka kwenye bodi, amelikumbatia kwa mikono miwili, analisukuma kwenye tairi kwa goti. Nikitaka kuondoka, "Jiwe!" tena, analirusha ndani na kudandia. Abiria walimwita Odila Jiwe. Alilipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Baba Mdogo Gebhadi, mdogo wake baba, alikuwa Tunduru wakati huo. Mawe ya thamani yalikuwa yametoka kule, na watu waliacha korosho zao mashambani wakaenda kuchekecha mchanga wa mito. Yeye alikuwa akinunua na kuuza. Alikuja kututazama karibu na Krismasi, amevaa koti la ngozi, akala ugali wetu na dagaa Nyasa, akasifu mboga, akazunguka gari mara kadhaa akilipapasa kama mtu anayechagua ng'ombe. Jioni nilikuwa bustanini nyuma ya jiko nikichuma majani ya maboga. Ukuta wa jiko ulikuwa wa miti na udongo, na udongo ulikuwa umedondoka sehemu nyingi. Ndani alikuwa na Shangazi Frumensia, dada yao, ambaye alikuwa amekuja kutoka Namtumbo kutusaidia.

"Msichana na gari," alikuwa akisema Baba Mdogo, "ni kama kuku na baiskeli. Kuku atapanda juu, sawa, lakini hatafika."

"Mbona anafika, Gebhadi? Kila siku anatoka na kurudi."

"Leo. Kesho ataolewa, na gari litakwenda kwa mume. Gari la kaka yangu likaoteshe nyasi kwa watu baki? Tungoje misa ya mwaka, tukae kikao, tulimalize. Gari nitalichukua mimi. Meinrad nitakwenda naye, ana vidole vyepesi, atachekecha. Odila ukae naye wewe, akusaidie tumbaku."

"Na Skola?"

"Skola si mtoto. Skola atafutiwe mtu."

 Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Nilibaki nimeinama na majani mkononi, na kitu kilichonijia hakikuwa huzuni. Huzuni nilikuwa nayo tayari, nilijua uzito wake. Hiki kilikuwa kigumu na kikavu. Nilielewa kwamba gari na sisi watatu tulikuwa kitu kimoja machoni pao: likiondoka gari, hatuna sababu ya kuwa nyumba moja. Nikaingia jikoni, nikaweka majani mezani, nikamwambia, "Baba Mdogo, karibu mboga. Ule vizuri, safari ya Tunduru ni ndefu." Alinitazama akijaribu kujua nimesikia kiasi gani. Sikumsaidia kujua.

Misa ya mwaka ilifika na baridi yake. Watu wa ukoo walijaa, wengine kutoka vijiji vya Namtumbo, wakalala popote palipokuwa na jamvi. Baada ya misa tulikula, na baada ya kula kikao kilikaa chini ya paa la bati la uani. Aliyekiongoza ni Babu Alkwini, mkubwa wa ukoo, mtu mwembamba, meno yamemwisha, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa za asubuhi na pia mtu wa kumwagia wahenga pombe kabla ya yeye kunywa. Kwetu hakuna aliyeona ajabu. Mbele yake liliwekwa ungo, na juu ya ungo vitu vya marehemu vinavyogawiwa: koti, kofia, redio, shoka. Ufunguo wa gari sikuuweka mimi. Ulikuwa umening'inia kwenye msumari chumbani, na mtu akatumwa kuufuata. Waligawa koti, wakagawa redio, na ilipofika zamu ya ufunguo Baba Mdogo alinyoosha mkono kabla jina lake halijatajwa.

"Nina neno," nikasema.

"Mtoto wa kike hasemi kwenye ungo wa baba yake," akajibu Babu Alkwini, bila ukali, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba mlango umefungwa. Na ulifungwa. Safari ya Tunduru ilikuwa asubuhi inayofuata. Baba Mdogo alikuwa amekuja na dereva kabisa, Athumani, Myao wa Tunduru, kijana mtaratibu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi yetu tangu alipofika na kutuuliza kama huku watu wanaishi kwa hiari.

Jioni Baba Mdogo akanirudishia ufunguo kwa kazi moja. "Lioshwe," akasema. "Siendi Tunduru na tope la Songea." Tuliliosha sisi watatu, kwa ndoo na matambara, mpaka ndani ya magurudumu, na manyunyu yalianza kutuongezea maji.  Odila aliniuliza kama Tunduru kuna mawe ya kuweka nyuma ya tairi, au ni yale ya kuuza tu. Nililirudisha gari mahali pake kwenye mteremko, nikapaza sauti, "Jiwe!" Odila akazunguka gari, akarudi mikono mitupu.

"Dada, jiwe hakuna."

Wapishi waliotoka vijijini walikuwa wameongeza jiko la tatu, na walipotafuta mafiga waliona jiwe zuri, bapa, limekaa bure nyuma ya gari. Sasa sufuria kubwa ya maharage ilikuwa inachemka juu yake. Nilitazama huku na huku. Matofali yaliyokuwepo yalikuwa mabichi, tairi ingeyafanya unga. Gari nimelikanyagia breki, mguu unaanza kuchoka. Nikavuta hendibreki mpaka ikalia krr, nikashuka, nikampelekea Baba Mdogo ufunguo wake. Sikuwa na hila yoyote. Nasema hivyo kwa sababu wapo waliodai baadaye kwamba nilipanga. Ningepanga, ningepanga kitu kikubwa kuliko hicho.

Asubuhi ilikuwa nyeupe kwa ukungu, nyasi zimelala kwa umande wa baridi. Wageni walikuwa wanaota moto kwenye mafiga, uji unachemka. Kifurushi cha nguo cha Meinrad kilikuwa kwenye bodi ya gari, na cha Odila mikononi mwa Shangazi Frumensia. Athumani akaliwasha. Liliwaka vizuri, betri ililala ndani kama kawaida. Akashusha hendibreki, ikateremka bila shida, akatia gia. Gari likajikunja, likatetemeka, likazimika. Akawasha tena, likazimika tena. Akajaribu kurudi nyuma, nako mteremko ulikuwa unamsaidia. Halikwenda. Wanaume wakaja kusukuma, viatu vikawateleza kwenye tope, magurudumu ya nyuma hayakuzunguka hata nusu. Athumani akashuka, akachungulia chini, akashika mkono wa hendibreki na kuuonyesha umeshuka, umelala kabisa. Kwao Tunduru kuna joto, hajawahi kukutana na kitu hiki.

"Audhubillahi," akasema taratibu, akarudi nyuma. "Mzee Gebhadi, mimi hili siligusi. Hili lina mwenyewe."

Neno hilo lilipita uani kama moto kwenye nyasi kavu. Lina mwenyewe. Mwanamke mmoja akapiga yowe la woga, akajiziba mdomo. Mwingine akaanza Salamu Maria. Babu Alkwini akainuka kwenye kigoda, akaja mpaka kwenye gari, akaweka kiganja kwenye bodi iliyolowa. Kisha akaagiza kata ya komoni, akamwaga kidogo kwenye kila gurudumu.

"Kaka yako hajaliachia, Gebhadi," akasema. "Mimi nilidhani ameridhika. Hajaridhika. Gari libaki hapa kwa watoto mpaka tumwombe vizuri."

"Mpaka lini, Babu?"

"Mwakani. Tutapika pombe, tutachinja, tutazungumza naye. Akikubali utalichukua."

Uso wa Baba Mdogo ulikuwa na hasira na hofu pamoja, na hofu ilikuwa inashinda. Mfanyabiashara wa mawe haogopi polisi kama anavyoogopa mkosi. Shangazi Frumensia akanisogelea, akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Mungu amekupa, pokea." Alikuwa ananitakia mema, najua. Meinrad alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yanauliza kitu kile kile, kwa sababu Meinrad alijua. Wote watatu tulijua. Odila alikuwa tayari anaangalia kule kwenye mafiga.

Mara nyingi nimerudi kwenye dakika ile. Watu wenye busara wameniambia kwamba mtu aliyepewa mwavuli haulizi umeshonwa na nani. Lakini mimi nilisikia neno moja tu katika maneno ya Babu: mpaka tumwombe. Maiti huombwa. Mwakani wangepika pombe, wangemwomba baba, na baba asingekuwa na mdomo wa kukataa. Wangelala, mmoja angeota ndoto inayofaa, na asubuhi gari lingeondoka na ndugu zangu juu yake kwa baraka zote. Mwaka mzima ningeishi kwa kibali cha kaburi. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikuwa na maneno yake wakati ule: nilikuwa nimeendesha gari lile katika mvua na vumbi, nimetukanwa, nimebadilisha tairi kwenye tope la Namtumbo, nimelisha watu, halafu siku ya kusimama mbele ya ukoo, aliyelishika awe mtu mwingine?

"Babu," nikasema, "baba hajalishika gari hili. Ni hendibreki. Niliivuta jana likiwa limelowa, imeganda. Nimelishika mimi."

 Athumani peke yake ndiye aliyesema, "Ee?" na kulisogelea gari tena, aibu na hamu ya kujua vikigombana usoni.

Baba Mdogo akapumua kama mtu aliyetolewa majini. "Kumbe! Sasa liachie basi. Unatutisha bure hapa." Akauchukua ufunguo kwa Athumani, akanitupia.

Niliudaka. Lakini breki ikiachia kwenye mteremko ule, gari lingeshuka moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa jirani. Lilihitaji jiwe lake. Nikaenda kwenye mafiga. "Mama zangu, naomba mteremshe sufuria."

"Uji haujaiva!" akasema mpishi mkuu, mama mnene aliyeshika mwiko kama rungu. "Wageni hawajanywa, wewe unataka kumwaga chakula cha matanga?"

"Hilo jiwe si figa. Ni jiwe la gari."

"Binti, tangu lini gari likapika?"

"Tangu mama alipokufa," nikamwambia. "Ndilo limepika kila mlichokula hapa jana."

Alinitazama, kisha akafunga mikono kwa khanga na kuishika sufuria masikio. Meinrad akashika upande wa pili. Walipoiteremsha nikalivuta jiwe kwa jembe kutoka kwenye majivu, jeusi upande mmoja, linafuka, nikalibiringisha uani mbele ya ukoo mzima. Mafiga yakabaki mawili, moto katikati, hauna kazi.  Kwetu mtu akivunja jiko la msiba ametukana wengi, na mimi nilijua natukana. Odila akalizungushia gunia lililolowa, akalisukuma kwenye tairi kwa goti lake kama siku zote. Nikachukua birika la chai, maji yamechemka, bado meupe, hayajatiwa majani, nikamwagia dramu la kulia polepole, kisha la kushoto. Meinrad akapiga nyundo kuzunguka ukingo, taratibu, kama baba alivyotuonyesha. Kila pigo lilirudi kutoka ukuta wa jirani. Upande wa kulia ukaachia kwanza, mlio mfupi, kha! Nikaingia, nikaliwasha, nikalitikisa mbele na nyuma, na upande wa kushoto ukalia nao. Gari likarudi nyuma kidogo, likakaa juu ya jiwe lake.

Baba Mdogo alikuwa ameshashika mlango wangu. "Vizuri. Shuka."

"Meinrad, panda. Odila!"

"Skola, shuka nimesema."

"Baba Mdogo, shikamoo," nikamwambia, maana asubuhi ile nilikuwa bado sijamwamkia. "Mahindi ya watu yananingoja Mshangano. Ukitaka kulichukua gari hili usimwombe baba, amelala. Niombe mimi. Na mimi siombeki." Kisha nikapiga mlango kwa kiganja kwa nje, kama tulivyofanya kwa kukosa honi, na kupaza sauti, "Jiwe!"

Odila akalirusha ndani, gunia linatoa mvuke, akadandia, na kifurushi chake alikuwa ameshakipokonya kwa Shangazi. Tulipita katikati ya ukoo. Walitupisha. Kwenye kioo nilimwona Athumani akicheka, mikono kwapani, na Shangazi Frumensia akijifuta macho kwa ncha ya khanga, sijui kwa lipi.

Tulirudi jioni na magunia. Baba Mdogo alikuwa ameondoka kwa basi. Babu Alkwini alikuwa bado amekaa karibu na moto; wapishi walikuwa wameweka kipande cha mtaimbo mahali pa figa langu. "Ungenyamaza ungelipata kwa amani," akaniambia.

"Kwa amani mpaka lini, Babu?"

Alifikiri, akacheka bila meno, akanisogezea kata ya komoni ninywe. Hakunibariki, wala hakunikataza. Ukoo haukuniita tena kwenye ungo, lakini pia haukurudi kufuata gari. Sitakataa kwamba maneno ya Athumani ya kwanza, lina mwenyewe, yalifika Tunduru kabla ya yale ya pili, na yalimtia Baba Mdogo ubaridi miguuni. Ukoo nao ukaamua kukumbuka hivyo. Ilikuwa rahisi kwao kushindwa na maiti kuliko kushindwa na msichana. Kwa gari lile Meinrad alimaliza shule, na Odila akaenda mbali kuliko sisi sote. Na siku lilipokataa kweli, kwa uzee, nililiuza mwenyewe kwa vyuma, jiwe nikabaki nalo. Baba Mdogo tulisalimiana miaka yote, kwa adabu, kama watu wawili wanaojua kilichomo sandukuni. Nimemzika kwa heshima zote. Lakini sikumzika pamoja na ukweli wangu.

Kwa hiyo niliweka beseni la viazi chini, nikazunguka ua wa matete mpaka kwa Kasiani na wenzake. "Mwanangu," nikamwambia, "lile gari nililishika mimi." Nikawasimulia, kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa. Walisikiliza kwa adabu, mashoka yamelala begani. Nilipomaliza, Kasiani akakuna kichwa.

"Shangazi Skola, samahani. Ile nyingine ndiyo tamu. Hii yako, ushahidi uko wapi?"

Mbele ya nyumba, kwenye mteremko, magari ya waombolezaji yalikuwa yamepangwa. Odila alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye lake, gari jipya linalojishika lenyewe kwa kubonyeza kitufe. Mwalimu mkuu, miwani puani, mvi zinaanza, pochi kwapani, anazungumza na padri. Nikaweka mikono mdomoni.

"Jiwe!"

Hakugeuka kuuliza ni nani. Aliachia sentensi yake katikati, akainama, akang'oa tofali kwenye ukingo wa bustani ya maua ya watu, na alikuwa ameshafika kwenye gurudumu la nyuma, goti limekunjwa, ndipo alipokumbuka umri wake.

"Ushahidi ndio huo," nikamwambia Kasiani, nikarudi kwenye viazi vyangu.